Unga Bila Moto: Mwanga, Mbolea na Mwani Wako

Masika ya mwaka juzi nilishuka kutoka Mkuyuni na kilo mbili za yuria kwenye mkoba, nikienda Mlingotini, Bagamoyo, kumwokoa mama yangu mdogo. Alikuwa amelalamika kwenye simu kwamba mwani wake haunenepi. Mimi, niliyekulia kwenye migomba na mananasi ya miteremko ya Uluguru, nilijiona nina dawa: mmea usionenepa una njaa, na mwenye njaa hupewa chakula. Mahindi ya mama yalikuwa yameshapata sehemu yake. Kilichobaki nikakifunga vizuri, nikapanda gari.

Usiku ule tuliyeyusha yuria kidogo kwenye beseni la maji ya bahari, tukaloweka mbegu za kamba mbili, yaani vipande vya mwani vya kupandia. Asubuhi maji yalipokupwa nikazifunga karibu na ufukwe, mahali rahisi kufika, ingawa maji yake yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama mdogo hakubishana nami. Yeye alibeba mbegu zake zisizoonja mbolea akaenda kuzifunga mbele zaidi, kwenye maji maangavu. Baada ya wiki sita akanipigia. Kamba zangu zilikuwa nyembamba karibu kama zilivyoanza, tena zimevaa uchafu mwororo mfano wa nywele. Zake zilikuwa zimejaa mpaka zinaning'inia. "Mwanangu," akasema, "uliniletea unga. Moto hukuniletea."

Tangu siku hiyo nimejifunza kuutazama mwanga kabla ya kuitazama mbolea. Haya ninayoandika ni kwa anayelima mwani, kwa anayetegemea samaki wa kwenye majani ya bahari, na pia kwa ndugu zangu wa mlimani ambao huenda hawajawahi kuiona bahari lakini wana mkono wao ndani yake.

Makande na uji

Mmea wowote, uwe mgomba wa Mkuyuni au mwani wa Mlingotini, hujenga mwili kwa kuunganisha sukari na virutubisho. Sukari huitengeneza wenyewe kwa nguvu ya mwanga. Virutubisho, hasa naitrojeni na fosforasi, huvipata kutoka nje. Kimoja bila kingine hakijengi kitu. Aliyewahi kupanda mahindi chini ya mfenesi analijua hili bila kufundishwa: unaweza kumwaga samadi debe kwa debe, lakini mahindi yatarefuka, yatapauka, na hayatabeba. Chakula kimejaa chini, moto wa kukipikia haupo.

Baharini naitrojeni huja zaidi kwa sura mbili. Ya kwanza ni naitreti. Hii mmea ukiipokea hauwezi kuitumia hivyo hivyo. Lazima kwanza uigeuze kuwa amonia kwa kutumia vimeng'enya maalumu, na kazi hiyo hula nguvu nyingi ambayo chanzo chake ni mwanga. Ndiyo maana mimea mingi ya baharini huifanya kazi hiyo kwa kasi zaidi mchana kuliko usiku. Sura ya pili ni amonia yenyewe, itokayo kwenye takamwili za samaki, kwenye matope na kwenye vitu vinavyooza. Hii hupokelewa kwa nguvu kidogo, na mwani wa aina nyingi huendelea kuinywa hata gizani.

Kwa lugha ya jikoni, naitreti ni makande: mahindi makavu na maharage, yanayotaka kuni na subira. Amonia ni uji. Lakini hata uji hauivi kwa jiko lililozimika. Usiku mwani hutumia sukari uliyoiweka akiba mchana ili kuishika amonia na kuifanya protini. Siku moja ya mawingu haiwezi kuuangusha, kwa kuwa akiba ipo. Wiki nzima ya maji ya tope ni jambo jingine: akiba inaisha, na kuanzia hapo chakula kinapita mbele ya mmea usioweza kukitumia.

Mwenye mizizi na asiye nayo

Tusichanganye mwani na majani ya bahari, maana mahitaji yao hayafanani.

Mwani hauna mizizi ya kulia chakula. Unakula kwa mwili wote, kutoka kwenye maji yanayoupitia. Maji yakisimama, ule utando mwembamba wa maji unaougusa mwani huishiwa virutubisho, na mwani unashinda njaa katikati ya bahari. Kwa hiyo mwani unataka mambo mawili kwa pamoja: mwanga na maji yanayotembea. Ukiukung'uta mara kwa mara unauondolea tope linaloziba mwanga na utando unaozuia chakula, kazi mbili kwa mkono mmoja.

Majani ya bahari ni mimea kamili: yana mizizi, yana maua, yana mbegu. Yanakula kwa majani na kwa mizizi pia, kutoka kwenye matope. Ila mizizi hiyo inaishi kwenye tope lisilo na hewa, lile ambalo ukilichimba linanuka yai viza. Harufu hiyo ni ya sumu. Mchana, majani yakipata mwanga, hutengeneza oksijeni na kuipeleka chini hadi kwenye mizizi, nayo huizuia sumu isiingie. Mwanga ukikosekana kwa muda mrefu, oksijeni haishuki, na mmea unaanza kufa kuanzia chini, mahali ambapo hakuna anayepatazama.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Mwani wa aina nyingi unaweza kuendelea kuishi kwa mwanga usiofika hata asilimia 1 ya ule unaopiga juu ya maji. Majani ya bahari, yanayolazimika kulisha mizizi na mashina yaliyozikwa, yanahitaji kwa wastani kama asilimia 11, na aina nyingine zaidi ya hapo. Maji yakichafuka, yanayotangulia kutoweka ni majani. Lakini mkulima wa mwani asijipongeze mapema. Kuishi si kunenepa, na mnunuzi hupima kilo.

Pima mwanga kwa sahani

Huna haja ya kununua chombo cha maabara. Mwaka 1865 padri mmoja wa Kiitalia aliyekuwa pia mwanafalaki, Angelo Secchi, alipima uangavu wa bahari ya Mediterania kwa kuteremsha sahani majini na kuangalia inapotea machoni kwenye kina gani. Mpaka leo wanasayansi wa bahari wanatumia njia hiyo hiyo, na wewe unaweza kuitumia kwa sahani nyeupe ya bati kutoka kabatini.

Toboa matundu matatu ukingoni, funga kamba tatu zikutane katikati, ning'iniza jiwe kwa chini ili sahani izame ikiwa imelala. Kwenye kamba kuu funga fundo kila baada ya nusu meta. Nenda na mtumbwi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku ya jua, maji yakiwa yamejaa. Teremsha upande wenye kivuli ili mng'ao usikusumbue. Inapopotea, hesabu mafundo. Ipandishe mpaka uione tena, hesabu tena, kisha chukua kina cha katikati.

Tafsiri yake, kwa makadirio, ni hii: pale sahani inapopotea, mwanga uliobaki ni kama 18 kati ya 100 ya ule wa juu. Chukua sehemu mbili. Ya kwanza sahani inapotea kwenye meta 2. Hapo mwani ulio meta 1 chini ya maji unapata kama 40 kati ya 100. Ya pili sahani inapotea kwenye nusu meta. Mwani ulio meta hiyo hiyo 1 unapata kama 3 tu. Kina ni kimoja, mbegu ni moja, mkulima ni yule yule, lakini shamba moja lina zaidi ya mara kumi ya mwanga wa jingine. Mahali nilipofunga kamba zangu za yuria, sahani ya mama mdogo ilipotea kabla ya fundo la kwanza.

Sahani ikifika chini na bado unaiona, mwanga unatosha. Hapo tafuta sababu nyingine: joto, maji yaliyosimama, au samaki. Pima mara mbili kwa mwezi na andika kwenye daftari. Baada ya mwaka mmoja utajua miezi ambayo shamba lako linaona na miezi ambayo ni kipofu, na utapanga mbegu zako kwa kuifuata.

Bamvua, maji mafu na urefu wa kamba

Mkulima wa mwani anajua bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kwa sababu ndiyo siku za kazi. Aijue pia kama saa ya mwanga. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kuanzia hapo hadi adhuhuri mwani uko chini ya maji machache sana, huku jua likipanda. Siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi wala hayashuki sana, mambo hugeuka: katikati ya asubuhi maji yamejaa, na kupwa kunakuja alasiri, jua likiwa limeanza kulegea.

Hivyo mwani wako una wiki ya mwanga mkali na wiki ya mwanga hafifu, zinapokezana. Kwenye maji ya tope, bamvua ndiyo nafasi ya mwani kula vizuri. Kwenye maji maangavu na ya kina kifupi, bamvua ya miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, inaweza kuuchoma. Mwanga ukizidi kiasi, mashine ya kutengeneza sukari huharibika. Joto likiongezeka juu yake, mwani huota weupe, hulegea na kukatika.

Fanya hivi. Funga kamba mahali ambapo hata bamvua kubwa mwani haubaki mkavu. Miezi ya joto ishushe au ihamishie kwenye maji ya kina zaidi, kwa maboya au chelezo kama mnavyo. Msimu wa kusi wenye mawingu, iinue. Katika aina za mwani tunazolima, kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu lakini haivumilii joto la kina kifupi; wakulima wengi wa Unguja waliipoteza kwa sababu hiyo. Usiipande mahali ambapo spinosamu yenyewe inapauka.

Angalia pia nafasi. Mbegu zikikaribiana sana hutiliana kivuli kama mihogo iliyobanana. Shada likiachwa kupita wiki sita au saba, matawi ya ndani hukosa mwanga, yanaacha kula, yanaoza na kuvunjika. Unadhani unaongeza kilo, kumbe mawimbi yanakuvunia.

Soma rangi

Mwani mwekundu, jamii ambayo spinosamu na kotonii zimo, una rangi ya pekee inayousaidia kushika mwanga wa kijani na wa buluu unaopenya majini. Rangi hiyo imetengenezwa kwa protini, na ndani ya protini mna naitrojeni. Chakula kikiwa kingi, mwani huongeza rangi hiyo na kuifanya ghala. Kikipungua, hubomoa ghala na kula, nao unapauka. Kwa hiyo rangi inakuambia habari za mwanga na za chakula kwa pamoja, mradi ujue kuzitenganisha.

Mwani uliopauka kuelekea manjano, ungali mgumu na uko kwenye maji maangavu, una moto mwingi na unga kidogo. Upeleke kwenye mkondo zaidi, au ushushe kidogo.

Mwani wa rangi nzito, hudhurungi iliyokolea, lakini umedumaa, una unga na hauna moto. Unaongeza rangi ili kukamata kila chembe ya mwanga. Uinue au uuhamishe. Ukiuongezea mbolea utakuwa umefanya nilichofanya mimi.

Mwani wenye vipande vyeupe vilivyolegea umepata mshtuko wa joto, jua au maji ya mvua yaliyopunguza chumvi. Kata sehemu hizo, toa nzima kwa mbegu, na usiziache nyeupe zikielea shambani.

Na ukiona uchafu wa nywele umefunika kila tawi, jua kuna mwingine anayekula kabla ya mwani wako na anayekuzibia jua. Kung'uta kila bamvua.

Mbolea baharini

Nasema wazi: usimwage mbolea baharini. Mwani unakua taratibu. Vile vijimwani vidogo vya maji na vya nywele vinakua kwa kasi kuliko wako. Ukirutubisha maji unavilisha hivyo kwanza, navyo vinaziba mwanga. Unapoteza unga na moto kwa pamoja.

Majani ya bahari yana hatari ya ziada. Kuna aina ya maji ya baridi, Zostera marina, ambayo majaribio yameonyesha kuwa haijui kusema nimeshiba. Ikipewa naitreti nyingi inaendelea kuipokea mchana na usiku, ikitumia sukari yake yote kuigeuza, mpaka inajimaliza. Kwenye mwanga mdogo hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu sukari ya kuanzia ni chache. Kushiba nako kunaua, kama hakuna moto.

Jirani wa chini ya kamba

Wakulima wengine hung'oa majani ya bahari ili kusafisha shamba. Naelewa sababu: yanasumbua miguu na kujisokota kwenye kamba. Lakini majani hayo ndiyo yanayolishika tope lisitifuke. Ukiyang'oa, kila wimbi linainua matope, maji yanachafuka, na mwani wako unaingia gizani kwa mikono yako mwenyewe. Hata bila kung'oa, kamba nyingi zinatia kivuli; utafiti uliofanyika Ghuba ya Chwaka, Unguja, ulikuta majani yamepungua chini ya mashamba ya mwani.

Pendelea mahali penye mchanga. Kama majani yapo, inua kamba juu yake, acha njia zisizo na kamba kati ya ploti, na hamisha ploti baada ya misimu kadhaa ili chini papate jua. Tasi na changu mnaowavua hapo wanakulia kwenye majani hayo.

Ndugu zangu wa Mkuyuni

Sasa nipande mlima. Mvua ya masika ikipiga Mkuyuni, vijito vyetu hugeuka rangi ya tofali. Vinateremka hadi Mto Ruvu, na Ruvu, ukiwa umeshapokea maji ya vijito vingine vingi, ukiwa umeshachotwa maji ya Dar es Salaam kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, unaingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Udongo uleule uliokuwa unga wa migomba yetu unafika pwani kama pazia. Unabeba naitrojeni na fosforasi ndani yake, kwa hiyo unapeleka chakula na kuzima moto kwa safari moja.

Uluguru ina kumbukumbu chungu ya habari za udongo. Mwaka 1955 watu wa Matombo, majirani zetu kwenye barabara ile ile ya kwenda Kisaki, waliinuka kupinga matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Kazi yake ilikuwa nzito, na kwenye udongo mwembamba wa miteremko yetu ilifukia ule wa juu wenye rutuba. Ukimwambia mzee wa huku habari za matuta, mwanzie kwa heshima. Lakini ziko njia nyepesi ambazo mtu anaweza kuzianza kwenye nusu ekari bila kuamriwa na yeyote.

Panda mananasi kwa mistari inayokata mteremko, isiyofuata mteremko. Kila mstari unakuwa ukuta mdogo. Kati ya mahindi weka mkanda wa majani ya tembo, utapata na malisho ya mbuzi. Acha kuchoma mabua kabla ya mvua. Yalaze chini yaupokee mshindo wa matone. Mbolea igawe mara mbili, uifukie, na usiitie wingu likiwa limeshatanda, kwa sababu hiyo itakayosombwa umeilipia wewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa wengi wetu meta 60 ni shamba zima, nalijua hilo. Basi pale ukingoni paache jembe, paweke miti, migomba na mianzi.

Na kipimo chetu cha mlimani ni chupa ya maji ya plastiki. Mvua ikikatika, chota kwenye kijito, iache kwenye dirisha mpaka kesho yake, halafu pima kwa kidole unene wa udongo uliotuama. Rudia kila masika mahali pale pale.

Masika yaliyofuata sikubeba yuria. Nilibeba chupa hiyo. Mama mdogo aliishika juu kuielekea jua la saa nne, maji yakiwa yamekupwa, akaweka kiganja nyuma yake. Hatukukiona kiganja. Akaitikisa, akatazama tena, akanirudishia. "Mkipanda tena huko," akasema, "kumbukeni na mimi ninalima." Kisha akavuta kamba yake, akaikung'uta, tukaendelea na kazi kabla maji hayajajaa.